Buloni za kamyo yetu: kwa nini tulingoja wiki tatu

Maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama

Kamati ya usafiri imepewa nafasi ya kujibu swali moja. Munalijua, sababu mulituuliza sokoni, mulituuliza kanisani, na wengine walituuliza mpaka ku msiba. Kwa nini kamyo ya chama ilisimama wiki tatu nzima juu ya buloni, tena wakati wa mavuno, na hapa Baraka kuna watu wanaoweza kutengeneza buloni kwa siku moja?

Swali ni la haki. Kamyo ni ya wote. Kila mwanachama anatoa mchango wake, na wafadhili waliongeza pale mchango wetu ulipoishia. Kwa hiyo tutajibu polepole. Tutaeleza kazi yenyewe ilivyofanyika chini ya gari, halafu tutasema tunachoomba kwenu.

Kwanza hasara, maana hatutaki kuificha. Kwa wiki hizo tatu mpunga wa wenzetu wa upande wa Fizi ulibaki ndani ya nyumba. Wamama waliokuwa wamekwisha kung'oa muhogo waliumia zaidi. Muhogo mbichi ukishatoka udongoni haungoji mtu: siku mbili, tatu, unaanza kuharibika. Wengine waliulowesha na kuukausha, wengine walilipa vijana wa baiskeli, na wengine waliuza bei ya kutupa. Ndagala za kwenda Misisi zilipanda gari la kukodi, na faida yote ilibaki kwa mwenye gari. Hayo yote ni kweli. Mwenye kutuambia kwamba wiki tatu ni nyingi, tunakubaliana naye.

Sasa sikieni tulichoona.

Kila Jumamosi vijana wa kamati wanaosha kamyo chini, wanatoa matope, wanaangalia. Jumamosi ile, upande wa nyuma, mkono wa kushoto, waliona unga mwekundu umekauka pembeni ya buloni kubwa zinazofunga springi ku ekseli. Unga ule ni kutu iliyosagwa. Chuma kilichobanwa vizuri hakisagi unga. Ukiuona pahali pa kufungia, ujue vyuma viwili vinacheza pale ndani. Tukachukua kamba, tukapima kutoka ku pini ya mbele ya springi mpaka ku ekseli, upande wa kulia na upande wa kushoto. Vipimo havikulingana: kushoto ekseli ilikuwa imerudi nyuma upana wa vidole viwili. Tulipofungua, buloni ya katikati ilikuwa imekatika kichwa.

Wasiojua magari tuwaeleze. Springi ya kamyo ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama vitenge vilivyokunjwa dukani. Katikati vinapita buloni moja ndogo. Kichwa chake kinaingia ndani ya tundu juu ya ekseli, ili springi ikae pahali pake. Halafu kunakuja buloni mbili kubwa zilizopindwa kama herufi U. Zinakumbatia springi na ekseli pamoja, na kila moja inafungwa na nati mbili. Kamyo yetu ina springi nne, kwa hiyo ina buloni za U nane na nati kumi na sita. Ku kila ncha ya springi kuna pini. Mbele pini moja, nyuma pini mbili zinazoshika vile vyuma vya kuning'inizia ambavyo tunaita jumeli. Springi nne mara tatu, ni pini kumi na mbili.

Wengi wanafikiri ile buloni ndogo ya katikati njo inashika ekseli. Hapana. Kazi yake ni kuonyesha pahali tu. Kinachoshika ni mbano wa buloni za U. Zikiwa zimebana, vyuma haviwezi kuteleza. Zikilegea, mzigo wote unakuja kusukuma ile buloni ndogo, kila breki, kila shimo, mpaka inakatika. Ikikatika, ekseli inaanza kutembea. Gari linakwenda upande kama mbwa, na siku moja katika mteremko wa kutoka Fizi, breki inapokanyagwa kwa nguvu, ekseli inaweza kutoka kabisa.

Na munajua nani anakaa juu ya mzigo katika mteremko ule. Si magunia peke yake.

Kutu ilitoka wapi?

Mzee mmoja alituuliza: ziwa letu Tanganyika ni la maji baridi, halina chumvi, sasa kutu hii yote ni ya nini? Aliuliza vizuri. Iko sababu tatu. Ya kwanza, kamyo hii ilinunuliwa kama gari kuukuu kutoka Ulaya, na kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile inaruka mpaka chini ya gari na kujificha ku viungo. Gari linafika kwetu rangi inang'aa juu, na chini ugonjwa umekwisha kuingia. Ya pili, mizigo yetu wenyewe. Samaki wa chumvi na magunia ya chumvi vinachuruzisha maji kupitia mbao za kitanda cha gari, na maji yale yanaangukia springi za nyuma. Ya tatu, matope. Tope likikauka juu ya springi linashika unyevu kama sifongo. Juu unaona kavu, ndani ni maji.

Kutu ina tabia mbaya: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya tundu dogo, kati ya buloni na nati, hakuna nafasi ya kukua, kwa hiyo inajibana yenyewe mpaka vyuma viwili vinakuwa kama kimoja. Njo sababu unaweza kumning'iniza mtu mzima ku bomba la spana na nati isisogee.

Kazi ya kufungua

Chini ya gari letu kuna lugha mbili. Sisi tuliojifunza ufundi Kigoma na ndani ya kambi ya Nyarugusu tunasema spana, nati, jeki. Ndugu zetu waliobaki, na waliojifunza Uvira na Bukavu, wanasema kle, ekru, kriki. Siku ya kwanza mtu akiomba kle, mwingine analeta ufunguo wa mlango. Siku ya tatu kila mtu alikuwa anasema yote. Tangu wenzetu wa kwanza walipoanza kurudishwa kwa meli kupitia ziwa, mwaka 2005, kuna watu wamekuwa wakisema waliokimbia na waliobaki hawatafanya kazi pamoja. Wangekuja kulala chini ya kamyo hii wiki moja.

Sasa hatua zenyewe. Tunazisema kwa urefu sababu wanachama wengi wana magari yao, au watoto wao ni mafundi.

Hatua ya kwanza ni usalama. Magurudumu ya mbele tuliyaziba kwa mawe pande zote mbili. Tuliinua nyuma kwa jeki, lakini hatukuingia chini mpaka shasi ilipokaa juu ya magogo ya mti mgumu, mapana, yaliyopangwa msalaba. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka bila kukuaga.

Hatua ya pili ni kusafisha. Brashi ya waya, mpaka meno ya buloni yaonekane. Ukilazimisha nati ipite juu ya meno yenye tope na kutu, itanasa katikati, isirudi wala isiendelee.

Hatua ya tatu ni mafuta na subira. Tulichanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inayafanya mepesi, yanaingia ndani ya nyufa, halafu inaruka hewani na kuacha mafuta. Tulipaka asubuhi na jioni, siku tatu, na kila mara tuligonga kichwa cha pini na nati kwa nyundo, si kwa hasira, bali kwa kutikisa, ili kutu ipasuke na mafuta yapite. Lakini angalieni: asetoni inawaka upesi sana. Siku ya mafuta haiwi siku ya moto. Tulifuta, tukaacha upepo upite, ndipo gesi ikaletwa siku nyingine.

Hatua ya nne ni kugeuza. Kuna siri ndogo hapa. Kabla ya kufungua, jaribu kwanza kukaza kidogo tu, nusu ya unene wa kidole. Kutu inakatika kwa kushtushwa, na mara nyingi inakubali upande wa kukaza kabla ya upande wa kufungua. Halafu rudisha, ongeza mafuta, kaza, rudisha. Mtu mwenye haraka anavunja.

Kwa buloni za U hatukujisumbua sana kuzihurumia, maana hata zikitoka nzima hazirudishwi. Buloni ya U ikishakazwa inavutika. Ya zamani imekwisha kuvutwa, imekwisha kuliwa na kutu, haina tena mbano wa kuaminika. Kwa hiyo nati zilizokataa tulizipasua kwa tindo, na mbili tulizikata kwa mashine ya kukatia. Hapo fundi anatakiwa kuwa na jicho. Diski ikigusa springi na kuacha alama, alama ile njo mwanzo wa ufa. Springi inapinda maelfu ya mara kwa safari moja, na ufa hausahau. Tuliweka kipande cha bati katikati ili kuikinga.

Moto tuliutumia ku nati peke yake. Nati ikiwa nyekundu inapanuka, mshiko wa kutu unaachia. Lakini springi haichomwi moto na haichomelewi. Ugumu wake uliwekwa kiwandani kwa moto na mafuta kwa kipimo. Ukiichoma wewe barabarani, unautoa ugumu ule, na pale pahali patapinda au patakatika. Kabla ya kuwasha gesi tulihamisha bomba la breki pembeni, tukafunika lingine kwa kitambaa chenye maji, tukaweka ndoo mbili za mchanga karibu, na mtu mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kutazama upande wa tanki.

Pini ndizo zilikula siku nyingi. Ku gari letu kila pini inazuiwa na buloni ndogo inayopita kwa upande. Kama hukuitoa ile ndogo kwanza, unaweza kupiga nyundo mpaka Krismasi. Tatu kati ya hizo zilikatika ndani. Tulizitoboa kwa drili: alama katikati kabisa, tundu dogo, halafu kubwa zaidi, mpaka ganda likabaki na kutoka. Pini yenyewe tuliisukuma kwa pini nyingine nzee, nyembamba kidogo, mtu mmoja akishika na koleo ndefu, mwingine akipiga. Mikono haishiki chuma kinachopigwa nyundo. Pini nne zilikuwa zimekaukiwa kabisa, matundu ya grisi yamezibwa na udongo. Hazikuwa zinazunguka tena ndani ya bushi, zilikuwa zinatafuna.

Na neno moja kwa vijana: springi ikiwa imebanwa na buloni ya katikati, vyuma vyake vina nguvu iliyofichwa. Ukifungua ile buloni ghafla, vinaruka. Tulibana springi kwa vibano viwili, kulia na kushoto, ndipo tukatoa buloni, kisha tukalegeza vibano kidogo kidogo, sote tumesimama pembeni.

Nondo au buloni ya kweli?

Tukafika ku lile swali lenu. Vyuma vya zamani vilikwisha kutoka, na kamyo ingeweza kuondoka kesho yake. Kuna watu wanaopinda nondo za ujenzi, zile wengine wanaita ferabeto, wanazichonga meno ku ncha, wanakuuzia kama buloni ya U. Bei yake ni ndogo, na ukiitazama kwa macho inafanana. Hatuwatukani wanaofanya kazi ile. Kwa kufungia paa au geti, nondo yao ni nzuri. Lakini chini ya kamyo hapana, na sababu tunaweza kuieleza kwa hesabu.

Buloni nzuri imeandikwa namba. Ukiona 8.8, namba ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kuikata: newton 800 kwa kila milimita mraba. Namba ya pili inasema sehemu gani ya nguvu hiyo inaweza kubebwa kabla chuma hakijaanza kunyooka bila kurudi: sehemu 8 kati ya 10, maana yake 640. Ukiona 10.9, ni 1000, na kunyooka kunaanza ku 900. Nondo za ujenzi kwa kawaida zinaanza kunyooka kati ya 400 na 500. Tena wakizichonga meno, unene unapungua.

Sasa fikirini. Buloni ya U inabana kwa sababu imevutwa na inataka kurudi, kama mpira uliofungwa ku mzigo wa baiskeli. Nondo ukiikaza kwa kiasi kinachotakiwa, inanyooka na kubaki hivyo. Haitaki kurudi tena. Jioni ukiipima utaona imelegea, utakaza, itanyooka tena. Haikatiki siku ya kwanza. Inakudanganya wiki nzima, na wakati wote ule vyuma vinaanza kuteleza, na buloni ndogo ya katikati inaanza kupigwa. Tunarudi palepale tulipotoka, ila safari hii tuna watu juu ya mzigo na imani kwamba gari limetengenezwa.

Ilikuwa usiku mrefu, ule wa kuzungumza jambo hili. Wamama wenye muhogo walisema yao, na walikuwa na haki. Kijana mmoja alisema tuweke nondo kwa safari mbili tu, mavuno yapite. Mwishoni mkutano uliamua kungoja. Wenzetu waliobaki Kigoma walitafuta buloni zenye namba, pamoja na nati za daraja lake, maana buloni ya 8.8 inataka nati ya 8, si nati yoyote ya sokoni. Zikavuka ziwa kwa mashua. Kupata, kulipa, kungoja mashua na kupitisha ku forodha njo zile wiki tatu. Hati za kulipia ziko kwa mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuziona, na wafadhili wametumiwa nakala.

Kufunga bila mashine ya kupimia

Kitabu cha gari kinasema nati zikazwe kwa kipimo fulani cha newton mita. Spana yenye kipimo hatuna. Lakini tuna bidoni ya njano ya lita 20, na kila nyumba hapa inaijua.

Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukizitundika ku bomba lililolala sawa, mita moja kutoka ku nati, zinavuta karibu newton mita 200. Ukizitundika ku nusu mita, ni 100. Bomba na bidoni vina uzito wao pia. Kwa bomba la kilo nne la mita moja, tunapunguza maji lita tatu hivi. Tunatundika taratibu, bila kurusha, bomba likiwa limelala kama meza. Likishuka chini, nati bado inaenda. Tunarudisha spana juu na kutundika tena. Bidoni ikikaa bila bomba kushuka, nati imefika. Kwa mkono mtu anakaza kwa nguvu alizoamka nazo, na mwenye njaa hakazi kama aliyeshiba. Bidoni haijui njaa.

Tulikaza kwa msalaba: nati ya mbele kulia, ya nyuma kushoto, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia. Mara ya kwanza nusu ya kipimo, mara ya pili robo tatu, mara ya tatu kipimo chote, na mara hiyo ya mwisho gari limeshushwa, linasimama ku magurudumu yake. Meno yaliyobaki nje tulipaka grisi ili maji yasiyakute uchi. Pini mpya tuliingiza na grisi mpaka ya zamani ikatoka upande wa pili.

Wenye pikapu za springi musikilize hapa: ku magari mengi madogo bushi ni za mpira, hazitiwi grisi. Buloni yake usiikaze mwisho wakati gari limeinuliwa na springi inaning'inia. Ukifanya hivyo mpira unashikwa ukiwa umepindwa, na gari likishuka unabaki umenyongwa, unachanika haraka. Shusha kwanza, uzito ukae, ndipo ukaze.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ya Baraka mpaka Mboko na kurudi, tulipima tena kwa bidoni. Nati tano kati ya kumi na sita zilisogea kidogo. Hiyo ni kawaida: rangi na kutu nyembamba kati ya vyuma vinakandamizwa na kukaa. Safari ya pili ilisogea moja. Safari ya tatu hakuna.

Tunachoomba

Kwa wanachama, mambo matatu. Kwanza, samaki wa chumvi na chumvi yenyewe visipakiwe bila turubai chini, na maji yaelekezwe nyuma, si ku springi. Turubai tumekwisha kuinunua, iko ndani ya depo. Pili, Jumamosi ya kuosha isirukwe hata kama kuna safari. Safari itangoja saa mbili. Tumeona inavyokuwa ikingoja wiki tatu. Tatu, mwenye kupanda juu ya mzigo akisikia chuma kinagonga chini ku kila shimo, amwambie dereva pale pale. Dereva anasikia injini. Wewe uliye nyuma njo unasikia springi.

Kwa wamama waliopoteza muhogo, kamati inapendekeza kwamba safari mbili za kwanza za msimu ujao wabebewe bila malipo. Mkutano utapiga kura leo. Sisi tunaona ni deni. Mulingoja ili wengine wasafiri salama, na kungoja kwenu kulikuwa na bei.

Kwa wafadhili wetu, tunajua ndani ya ripoti ule mstari unaosema buloni, pini na grisi hauna picha nzuri. Shule mpya inapigwa picha, kisima kinapigwa picha, nati haipigwi. Lakini tunaomba mstari ule uwepo kila mwaka, usingoje gari lisimame. Na kama kuna uwezo, spana moja yenye kipimo. Bidoni yetu inafanya kazi, ila ku kiti cha mbele cha dereva, barabarani, haikai.

Tumemaliza. Zile buloni za zamani tumeziweka mezani pale mlangoni, pamoja na ile ya katikati iliyokatika. Mukitoka muzishike kwa mikono yenu, muone kutu ilivyokula, watoto pia waonyeshwe. Maswali tunayapokea sasa, na anayetaka kujifunza kupima kwa bidoni aje Jumamosi asubuhi, avae nguo za kazi.